Pikipiki Nyekundu ya Uyole na Keria Yake

Wadogo zangu wa kikundi cha viazi, na wewe Ambokile hasa, maana ndiye utakayekaa kwenye kiti.

Mmeniuliza swali moja: ile pikipiki nyekundu ya matairi manne inayouzwa Uyole, ni ya kuaminika au siyo? Mnaitaka ipandishe viazi kutoka mabondeni hadi barabarani, mmechoka kubeba mgongoni, na mwenye nayo amewapa mpaka Jumamosi. Jibu mtalipata. Ila mnanijua dada yenu, nikiulizwa saa ngapi naanza kueleza saa ilinunuliwa wapi. Vumilieni.

Kwanza hilo jina mlilonipa, "mstaafu". Nimecheka peke yangu jikoni mpaka paka akatoka nje. Nina miaka thelathini na nne, niliishia darasa la saba, sina kiinua mgongo wala picha ya kuagwa kazini. Nina nyonga iliyoungwa, na mguu wa kushoto unaojua mvua inakuja kabla ya mawingu kujua. Lakini kweli kazi ya kuendesha ile mitambo nimeiacha na sitairudia, kwa hiyo niiteni hivyo hivyo.

Pili, niliseme mapema lisije likaonekana nimelificha. Jumanne nilikwenda Uyole kuiona. Ninaijua hiyo pikipiki. Zamani ilikuwa ya kijani. Wameipaka nyekundu, wameiwekea kiti kipya, lakini keria ya nyuma ina mshono wa kuchomelea uliovimba kama kovu la moto, na mshono ule ulichomelewa mimi nikiwa nimesimama pembeni. Ndiyo iliyomwangukia Fundi Bosko. Ndiyo iliyomuua.

Sasa msikimbilie kusema ina mkosi. Someni kwanza.

Fundi Bosko alikuwa Mhehe wa Kilolo, mtu mzima, Mkatoliki wa kunong'ona rozari huku anakaza nati. Nilimkuta kwenye shamba la parachichi kule Mufindi, nilikokwenda kutafuta kibarua. Wasichana wote tuliwekwa kuchuma. Mimi muda wa kula nilikuwa nachukua sahani yangu nakwenda kusimama mlangoni pa banda lake, naangalia. Siku moja akaniuliza bila kugeuka:

"We binti, unatafuta mchumba au unatafuta spana?"

"Spana, baba."

"Namba ngapi?"

Nikataja namba ya kwanza iliyonijia kichwani. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hiyo hata kiwandani hawajaitengeneza. Haya, ingia. Usikanyage oili."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Siku ya kwanza alipoiachia pikipiki mikononi mwangu, nilibana mafuta badala ya breki nikaingia kwenye chai ya jirani, mistari kadhaa. Wachumaji wakapiga vigelegele, na mama mmoja mwenye tenga mgongoni akapaza sauti, "Wewe dada, chai tunachuma kwa mkono, siyo kwa tairi!" Bosko alikuja taratibu. Akaizunguka pikipiki, akaikagua yote. Kisha akanizunguka mimi, kwa mpangilio ule ule.

"Wote wazima," akasema. "Rudia."

Nilikuwa naota mambo makubwa siku zile. Naota gereji yangu mwenyewe pale kwetu, na ubao mkubwa juu umeandikwa jina langu, SEKELA, wasichana watatu wenye ovaroli ndani, na redio. Nilimweleza Bosko kila kitu, hata rangi ya mlango. Yeye alikuwa anaitikia tu, "Ehe. Na choo utaweka wapi?" Hakuwahi kunicheka kwa hilo. Nawaambia ili mjue alikuwa mtu wa aina gani.

Sasa kuchagua. Mwenye shamba alitaka pikipiki nyingine ya kazi, akamtuma Bosko Iringa mjini, nami nikafuatana naye. Muuzaji alikuwa Bwana Nassoro, mtu wa maneno laini, kikombe cha kahawa hakimtoki mkononi. Alikuwa nazo mbili uani. Moja kubwa, ya bluu, inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Nyingine ndogo, ya kijani, imenuna pembeni.

"Fundi," akasema Bwana Nassoro, "hii ya bluu imetoka kwa tajiri wa dhahabu wa Makongolosi. Alikuwa anaitumia kwendea msikitini tu, Ijumaa kwa Ijumaa."

"Msikiti wenyewe uko ndani ya shimo?" Bosko akauliza.

Maana alikuwa ameshafungua kifuniko cha kichujio cha hewa, na humo ndani vumbi jekundu limejaa ungeweza kupanda karanga. Akaniambia niangalie vizuri. Vumbi la Chunya, huko huko Makongolosi kwenye migodi, alisema, ni laini kama poda ya mtoto, linapita kila mahali, na likishaingia kwenye injini linaisaga kutoka ndani bila kelele. Nje unaweza kuosha. Ndani huoshi. Akaiwasha ile ya bluu, ikatoa moshi wa bluu vilevile, na Bwana Nassoro akaanza kuangalia mawingu.

Halafu akaigeukia ya kijani. Kabla ya kusema neno aliweka kiganja kwenye injini, kama mama anavyompima mtoto homa. Ilikuwa baridi. "Ukifika ukakuta injini ina joto," akaniambia, "muulize muuzaji kwa nini ameamka mapema hivyo." Kwa sababu mashine inayogoma asubuhi huwashwa kabla mnunuzi hajafika, ikuonyeshe tabia nzuri. Ninyi mnakaa Uporoto, asubuhi zenu zina ukungu na baridi ya kukata masikio. Mashine isiyowaka ikiwa baridi haiwafai hata ikipakwa dhahabu.

Ya kijani iliwaka mara moja. Akakaa chini udongoni, akashika tairi kwa mikono miwili akalitikisa kushoto na kulia: likicheza, beringi zimekwisha. Akaingia uvunguni akapitisha vidole kwenye fremu yote akitafuta mahali palipochomelewa, maana fremu iliyochomelewa ilishavunjika, na iliyovunjika ilianguka na mtu. Akaminya ile mipira inayofunika maungio ya ekseli aone kama imepasuka. Akaipeleka kwenye mteremko nyuma ya msikiti, akaweka gia ya chini, akaachia mafuta na breki vyote. Ikashuka polepole yenyewe, injini inaishika. "Hii ndiyo breki yako ya kwanza," akaniambia. "Ile ya mkononi ni ya pili." Mwisho akamuuliza Bwana Nassoro, "Nikivunja ekseli ya hii leo, kesho naipata wapi?" Bwana Nassoro akataja duka la Mwanjelwa, Mbeya mjini, Bosko akalipigia simu pale pale kabla hajakubali.

Hayo yote ni ya kweli mpaka leo, yashikeni. Mashine aliyoichagua siku ile ndiyo hiyo mnayoitaka ninyi. Alichagua kwa mikono yake, na hakukosea.

Kulikuwa na jambo moja tu alilonifundisha kwa ukali, karibu anipige. Nilipakia masanduku ya parachichi yakapanda juu, nikafunga kamba. Akaikata ile kamba kwa kisu.

"Mzigo ulale!" akafoka. "Mzigo ukilala, uzito unakaa tumboni mwa pikipiki. Ukisimama, uzito uko kichwani, tena nyuma ya tairi la nyuma. Mlimani unakuvuta kwa nywele."

Kila jioni akimpigia simu mkewe Kilolo nilikuwa namsikia akimaliza hivyo hivyo: "Kazi nzuri, mama. Mzigo unalala." Ilikuwa ndiyo namna yake ya kuaga.

Baadaye shamba la Mufindi likapata trekta, na pikipiki ikauzwa kwa mzee mmoja wa huku kwetu Uporoto mwenye viazi vingi. Aliichukua pamoja na dereva wake, Bosko, na mimi nikaja nao, nafurahi narudi nyumbani. Nilimwonyesha Bosko mahali nitakapojenga gereji. Akapima kwa hatua akasema choo kitabana.

Wadogo zangu, lumbesa mmezaliwa mmeikuta, kwa hiyo hamuioni tena. Jaribuni kuiona kwa macho ya mtu aliyetoka kwenye masanduku ya parachichi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Halafu linaongezwa kilemba cha viazi juu, kinasokotewa majani na kushonwa kwa kamba, mpaka gunia linakuwa na shingo na kichwa kama mtu. Mnunuzi analipa gunia, kwa hiyo anataka gunia lenye kichwa. Mkulima akikataa, lori linakwenda bonde la pili. Hiyo mnaijua kuliko mimi.

Ila ambalo watu hawalisemi ni hili: lumbesa hailali. Ukiilaza, mshono wa kichwa unapasuka na viazi vinamwagika mpaka mtoni. Lazima isimame.

Bosko alilaza magunia siku ya kwanza, vichwa vikapasuka. Mnunuzi, bwana mmoja wa mjini mwenye koti refu, akaja akisaga viazi kwa viatu.

"Fundi, kwani wewe unabeba viazi au unabeba wagonjwa?"

"Nabeba roho yangu, bosi."

"Roho ina uzito gani? Nayo isimamishe huko juu."

Watu wakacheka. Bosko hakucheka. Jioni yake mzee mwenye pikipiki akamwita fundi wa kuchomelea, wakakata vyuma vya kitanda kikuukuu, wakaiongeza keria kwa nyuma, na nguzo mbili za kuegemeza magunia yakisimama. Ndio huo mshono niliouona Uyole. Bosko aliuangalia kwa muda, akasema, "Sasa mmeifanya ikae kama mbwa." Akaweka ufunguo juu ya kiti akaondoka.

Mzee hakugombana naye. Alisema tu vijana wanaotaka kazi ni wengi, akampa ufunguo jirani yetu mmoja aliyekuwa ametoka kuoa. Bosko alikaa juu ya jiwe akamwangalia akipanda mlima. Matairi ya mbele yalikuwa yanagusa udongo, yanaachia, yanagusa, yanaachia. Yule kijana anapiga mluzi, anaona raha. Alipofika juu Bosko alimfuata, akanyoosha mkono, akachukua ufunguo.

Nikamuuliza, "Baba, si ulikataa?"

"Huyu hajui pa kuegemea," akasema. "Mimi angalau najua kulala mbele."

Na ndivyo alivyoendesha msimu mzima, kifua juu ya usukani kama mtu anayebusu mtoto, magunia mawili yamesimama mgongoni kwake na vilemba vyao. Mimi nikitembea nyuma na kigingi cha mkaratusi, akisimama naweka chini ya tairi. Na pikipiki haikumwangusha hata siku moja. Haikugoma asubuhi, haikuchemka, haikukatika ekseli. Watu waliisifu sana. Walisema hii ndiyo mashine ya kuaminika.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Pale mnapopajua, mkivuka kijito mnaanza kupanda, maji yalikuwa yamechimba njia pakawa na ngazi. Bosko alisimama akaiangalia, akafanya ishara ya msalaba, akaweka gia ya chini. Tairi za mbele zikapanda ile ngazi. Hazikushuka tena. Ziliendelea kupanda, taratibu, mimi naona tumbo la pikipiki, naona tope lililoganda chini yake, na nikaona Bosko amelala mbele kabisa, ametumia uzito wote aliokuwa nao. Alikuwa mtu mwembamba. Magunia yakamvuta.

Ile nguzo ya keria ilinipiga nyongani ikanitupa pembeni. Sikusikia maumivu wakati ule. Nilichosikia ni injini. Pikipiki ilikuwa imelala chali, matairi yote manne yanazunguka hewani, na injini inaunguruma vizuri kabisa, haikohoi, kama inasubiri kuambiwa kazi nyingine. Nilijiburuza kwa viwiko mpaka pale, nikapitisha mkono karibu na shavu la Bosko, nikazima ufunguo. Alikuwa ameshakwenda. Vidole vyake bado vimeshika usukani.

Yule mnunuzi alishuka kutoka kwenye lori lake kule barabarani, akavua kofia. Simsingizii, aliivua, na alilia. Halafu nikiwa nimelazwa kwenye majani nasubiri gari la kunipeleka Mbeya, niliwaona wabebaji wake wanaokota viazi kimoja kimoja, wanaviosha tope kijitoni, wanavirudisha kwenye magunia. Wakashona vilemba upya. Lori liliondoka limejaa.

Mazishi sikuyawahi. Nilipoweza kutembea kwa magongo nilikwenda Kilolo kwa mkewe, Mama Paskalina. Nilifika nikiwa nimejiandaa na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima ndani ya basi. Alinipokea kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, mwanangu," akanipa ugali na maharage, akanisubiri nile. Hakuniuliza alisema nini mwisho, wala nani alikosea. Aliniuliza jambo moja.

"Magunia yalikuwa yamelala au yamesimama?"

"Yamesimama, mama."

Akaishika ile sahani yangu tupu kama vile bado ina kitu ndani.

"Kwenye simu alikuwa ananiambia yanalala," akasema. "Kila jioni."

Sasa turudi Uyole. Muuzaji ni kijana mchangamfu, meno nje, ananiita dada mkubwa. Hajui habari yoyote, aliinunua mbali, na sikumwambia. Niliweka kiganja kwenye injini: baridi. Nikaiwasha: mara moja. Nikakaa chini, nikateseka kukaa chini na mguu huu, nikatikisa matairi: hayachezi. Nikaingia uvunguni. Alishangaa.

"Dada mkubwa, utachafuka. Huko chini unatafuta nini?"

"Fremu."

"Hii haijawahi kulala chini, naapa."

Nikaendelea kupapasa vyuma. Fremu imeshika, haina mchomeleo hata mmoja. Mipira ya ekseli ya mbele kulia imeanza kupasuka, muibadilishe. Gia ya chini inaishika vizuri mteremkoni. Nikamwambia, lakini hii keria ya nyuma, si ungeikata?

Akacheka. "Nikate? Dada, hiyo ndiyo inayoniuzia! Watu hawaulizi injini. Wanauliza inabeba lumbesa ngapi."

Nikasimama pale nimeshika kile chuma cha kitanda, na nusura nilie mbele ya watu.

Ambokile, juzi kwenye simu uliniambia, "Dada, acha hadithi bwana, sema tununue au tusinunue." Nami nikasikia mkeo Neema nyuma yako anakwambia uniulize kama nimekula. Tumbo lake limefika wapi sasa? Nimeshamfumia kofia mtoto, mbili, moja ya kijani.

Haya, jibu. Pikipiki ni nzima. Ni ya kuaminika kuliko nyingine yoyote mtakayoipata kwa uwezo wenu. Haina mkosi. Mkosi haukai kwenye injini. Itafanya kile mtakachoibebesha, asubuhi na jioni, haitagoma, na hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu mashine mbovu ingewagomea pale chini kijitoni mkarudi nyumbani mmenuna. Hii haitawagomea.

Kwa hiyo swali siyo kama pikipiki ni ya kuaminika. Nawauliza ninyi. Mnunuzi akija na koti lake akasema anataka gunia lenye kichwa, mtaweza, wote kwa pamoja, kumwambia kwetu magunia yanalala? Lori likiwasha likaelekea bonde la pili, mtaweza kukaa pale na viazi vyenu mkaliangalia linaondoka? Kama mnaweza, inunueni. Kama hamuwezi, msinunue hiyo wala nyingine yoyote. Endeleeni na migongo. Mgongo unauma, lakini hauruki juu ukamwangukia mtu.

Jumamosi nitakuwa Uyole mapema, na msumeno wa chuma wa Bosko, Mama Paskalina alinipa siku ile nilipoaga. Tukilipa tu, kabla hatujaondoka pale uani, keria ile inakatwa kwenye mshono, yule kijana aone na ashangae. Mimi nitakata, wewe Ambokile utashika upande wa pili chuma kisicheze. Ukiona aibu kushika mbele za watu, nitakuwa nimeshapata jibu, nitafunga msumeno wangu kwenye khanga nirudi nyumbani, na hatutagombana.

Gereji sijaiacha, msidhani. Choo nimeshapata pa kukiweka.

Lakini kwanza hili. Neema ana maneno mengi ya kuuliza duniani: umekula, umechelewa wapi, nani amemaliza sukari. Ayaulize yote. Lile swali la Mama Paskalina, nataka azeeke bila kujua kwamba lipo.